Siku Kaunta Alipokaa

Kwa miaka yote ya ndoa yao, mke huyu alimjua mumewe kwa kisogo. Msinielewe vibaya. Walipendana vya kutosha, na walilea watoto wawili wakakua wakajitegemea. Ila baa yao ndivyo ilivyojengwa: jiko nyuma, kaunta mbele, na katikati kidirisha chenye upana wa sinia. Kila alipoinua macho kutoka kwenye sufuria, alichokiona ni shingo ya mume, masikio yake mawili, na mvi zilizoanza kuota kwa nyuma. Nyuso za wateja alizijua zote. Uso wa mumewe aliuona asubuhi ukiwa bado na usingizi, na usiku ukiwa hoi.

Mume naye hakuwa na haja ya kugeuka. "Jikoni! Supu mbili, moja bila pilipili!" alipaza sauti huku akimfungulia mtu bia, na mke akajibu, "Inakuja!" Sahani ilipotokeza kidirishani, mkono wa mume ulirudi nyuma wenyewe ukaipokea. Mtaa mzima ulimwita Kaunta. Yeye akamzoea mkewe kwa jina la Jikoni, na jina likamganda kama ukoko wa wali. Hata siku ya harusi ya binti yao alisikika akiita mbele ya wakwe, "Jikoni, njoo tupigwe picha!" Wakwe wakadhani anaagiza chakula.

Sasa jirani yao, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alitaka kuinunua ile baa aigeuze ghala la saruji. Hakuwa mtu wa kusubirisubiri. Alitaka jibu Jumatatu. Kaunta alitaka kuuza, maana miguu ilikuwa inamvimba na mishipa imemtuna kwenye vigimbi. Jikoni hakutaka. Alitoa sababu chungu nzima: wateja watakwenda wapi, baa ina jina lake, mtu hauzi kitu kinachomlisha. Sababu ya kweli hakumwambia mtu. Aliogopa. Kidirisha kikishazibwa watabaki watu wawili sebuleni, na watazungumza nini? Aliona kwamba mtu aliyeichoka baa amemchoka na mpishi wake, na wazo hilo lilimkata maini.

Ndipo Jumamosi, wakiwa wanafunga, akamtega.

"Wewe unasema umechoka kusimama," alimwambia. "Lakini kukaa hukuwezi. Hujawahi kukaa tangu nikujue."

"Mimi? Nitakaa mpaka kiti kiombe msamaha."

"Haya. Kesho twende mjini kule, tusikojulikana. Tuingie baa hii tutoke ile, tule, tunywe, kama watu. Ukimaliza siku nzima ukiwa mteja, mimi mwenyewe nitakwambia umwite jirani. Ila ukifanya kazi ya baa hata kidogo, haiuzwi, na maneno yaishe."

"Kazi ya baa ndiyo ipi?"

Jikoni alikuwa amejiandaa. Asifute meza. Asibebe glasi. Asifungue chupa, yake wala ya mwingine. "Na usiite jikoni. Mteja anaagiza kwa mhudumu, haiti jikoni."

"Na wewe je?"

"Mimi refa."

Kaunta alicheka, wakapeana mikono juu ya kaunta kama wafanyabiashara.

Mji wenyewe hauko mbali. Treni ya asubuhi iliwafikisha jua likiwa bado la upole. Ndani ya treni Jikoni aligundua jambo la kwanza: hakujua aweke wapi mikono. Walikaa wakitazamana, magoti yakikaribia kugusana. Mume alitazama nje, yeye akatazama mkoba wake, na vituo viwili vikapita bila neno. Si unaona, aliwaza, hivi ndivyo itakavyokuwa. Akaapa moyoni kwamba kabla ya jioni mume huyu atakuwa ameshika kitambaa.

Kwa hiyo hakuchagua baa kama watu wengine wanavyochagua. Walipotoka stesheni alipita mbele, akichungulia madirishani. Baa ya kwanza ilikuwa safi, akaipita. Ya pili ilikuwa na vitambaa vya meza, akaiona haina faida. Ya tatu meza zake zilikuwa na alama za chupa za jana na juzi, na nzi wawili wamejiona wenye nyumba.

"Hapa pazuri," alisema.

Kaunta aliketi. Aliweka kiwiko mezani, akajaribu kukiinua, kikang'ang'ania. Pale kwenye meza ya jirani palikuwa na kitambaa kibichi, mhudumu amekisahau. Jikoni alikitazama, akamtazama mumewe, akasubiri. Aliona vidole vikianza safari. Vilitembea polepole hadi ukingoni mwa meza, vikasita, kisha vikachukua kichupa cha chumvi na kukizungusha bila sababu yoyote.

"Mnakunywa nini?" mhudumu aliuliza, dada mwenye miwani iliyoshuka puani.

Jikoni akategea sikio. Utashangaa, lakini hakulijua jibu. Nyumbani Kaunta alikunywa chai ya chupa iliyokaa chini ya rafu, kwa sababu mwenye baa akianza kunywa bidhaa zake, bidhaa haziishi salama.

"Wewe ungekuwa mimi ungekunywa nini?" Kaunta alimuuliza yule dada.

Dada alisukuma miwani juu. Huenda hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Mimi? Ningekunywa soda ya tangawizi, baridi sana, nikiwa nimevua viatu."

"Basi niletee hiyo." Na Kaunta, kwa utulivu kama yuko chumbani kwake, akavua viatu chini ya meza.

Jikoni alitamani kucheka akajizuia, maana refa hacheki na mchezaji. Walikula mayai na mkate. Kaunta aliacha makombo yake mezani, na alipoondoka alisukuma kiti ovyo, kosa lile lile alilowalaani wateja kwa miaka nenda miaka rudi. Yule mwanamume wa kupanga viti hata gizani! Mkewe alimfuata nyuma akijikuna kichwa.

Baa iliyofuata aliichagua kwa sababu ya uzembe wake. Mhudumu alikuwa ameegemea mlango akizungumza na simu, na wateja wamekaa kama watu wanaongoja kuitwa na daktari. Waliagiza kuku. Muda ukapita. Kwenye kaunta ya Kaunta, kuchelewa hivyo kungemtoa jasho la aibu. Hapa alinyoosha miguu, akamuuliza mkewe anaonaje picha ya farasi iliyoning'inia upande ukutani.

"Ile picha iko upande," Jikoni alisema kwa matumaini. "Si uinyooshe?"

"Farasi mwenyewe hajalalamika."

Hatimaye chakula kikaja. Hakikuwa kuku. Alikuwa samaki mzima wa kukaanga, amekauka mkia. Jikoni akafurahi moyoni: sasa mtu atainuka, atakwenda jikoni kuuliza kulikoni. Kaunta aliisogeza sahani, akamkata samaki kichwa, akaanza kukinyonya kwa raha zake zote huku mafuta yakimtiririka hadi kidevuni.

"Lakini wewe hupendi samaki," Jikoni alisema.

"Nani kakwambia?"

"Kila Ijumaa napika samaki. Hujawahi kugusa hata mmoja."

Kaunta alitoa mfupa mdomoni, akauweka pembeni ya sahani. "Ijumaa si ndiyo wanajaa? Nasimama tangu mchana nikiwapokea pale kidirishani, wanapita puani mwangu mmoja mmoja. Nikisema ngoja niweke wangu, anatokea mtu katoka mbali. Mpaka tunafunga, sahani ina mifupa tu." Akacheka. "Samaki wako nawajua kwa harufu. Nadhani ni wazuri."

Wiki baada ya wiki Jikoni alikuwa ameona kwamba mume hali samaki wake, akajipa jibu mwenyewe, akalimeza na uchungu wake. Hakuwahi kuuliza. Angeulizia wapi, kidirishani? Alichukua kipande cha mkia akala, kikavu kama gome, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasahau kwamba yeye ni refa.

Walipotoka jua lilikuwa la utosini. Walitembea upande wa kivuli wa barabara, wakampita fundi cherehani aliyelala juu ya mashine yake, wakapita duka la vitanda. Kaunta alisimama kila palipo na cha kutazama. Alikuwa na maswali kama mtoto: kwa nini mlango huu una kengele mbili, nani anakaa ghorofa ile yenye maua, unadhani yule na yule ni ndugu? Jikoni alijikuta anajibu, kisha anabisha, kisha anabuni. Yule na yule walikuwa shemeji, alisema, na wamegombana kuhusu godoro. Kaunta alicheka hadi akashika nguzo ya taa.

Na hapo Jikoni akaona jambo ambalo mtu angeapa hakuna mke asiyelijua. Mumewe akicheka sana, hufumba jicho moja, la kushoto, lile jingine likabaki wazi kama linalinda mlango. Kicheko chenyewe alikijua kwa mabega yanayotikisika. Jicho hakuwahi kuliona likifumba tangu enzi za uchumba, na enzi hizo hakuwa na muda wa kuangalia macho.

Kisha waliingia baa nyingine kwa sababu ya drafti. Wazee watatu walikuwa wakicheza kibarazani kwa vifuniko vya soda, na Kaunta alikaribishwa kabla hajasalimia. Alicheza vibaya sana. Alifungwa mara ya kwanza, akafungwa tena, akadai marudiano akiwa na furaha kama mshindi. Jikoni aliletewa kiti na viazi vya kukaanga, akakaa kando akisikiliza.

"Kuna mteja wangu," Kaunta alikuwa akisimulia, "kila siku supu bila pilipili. Ikifika, anaomba kichupa cha pilipili, anamimina mpaka supu inakuwa nyekundu. Siku moja nikamuuliza, mzee, kulikoni? Akaniambia, 'Pilipili ya mpishi inanionea. Hii yangu tunaheshimiana.'"

Wazee waliangua kicheko, vifuniko vikarukaruka ubaoni. "Shemeji," mmoja alimgeukia Jikoni, "huyu mtu ana maneno! Mwaishi vipi huko nyumbani, si mnacheka mpaka asubuhi?"

Jikoni alitabasamu tu. Ile supu bila pilipili ni yeye aliyekuwa akiipika. Alikuwa amepika upande mmoja wa hadithi kwa miaka bila kujua upande wa pili una nini. Alijisikia kama mtu aliyekuwa akisikiliza redio kupitia ukuta wa jirani, na leo kafunguliwa mlango. Na wivu ulikuwapo pia, tuseme ukweli: wivu kwa walevi wote waliomfaidi mumewe kwa mbele.

Pale pale mtihani ukaja bila yeye kuutafuta. Mhudumu alileta chupa nne na kifungulio kilicholegea. Alijaribu ya kwanza, kikateleza. Akajaribu tena, jasho likamtoka. Ikumbukwe kwamba Kaunta hufungua chupa kwa ukingo wa meza na kiganja, pa!, kabla mteja hajamaliza kuagiza. Jikoni aliona mabega yakipanda. Aliona taya likikaza. Kisha mumewe akaiingiza mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia, akatazama juu darini kama mtoto anayengoja sindano.

Kumbe haikuwa rahisi. Kumbe siku nzima alikuwa akipigana. Jikoni alimhurumia, na pamoja na huruma likaja swali: mtu anayejitesa hivi ili auze, anataka nini hasa? Kupumzika angepumzika hata kwa kuajiri mtu.

Jioni ilipokaribia waliingia baa ya mwisho, karibu na stesheni, wakingoja treni ya kurudi. Mechi ilikuwa imekwisha uwanja wa jirani na watu walimiminika, wengine wakiwa bado na bendera mabegani. Mhudumu alikuwa mmoja. Walibahatika kupata meza katikati, wakaagiza viazi na nyama, na Kaunta akaanza kuongea na mtu wa meza ya pili kuhusu bao ambalo hakuliona.

Jikoni ndiye aliyenusa kwanza. Mafuta yaliyopitiliza. Kitu kimeachwa motoni, na si kwa kusahau, ila kwa mikono kuwa michache. Alijaribu kukaa. Alishika ukingo wa kiti. Harufu ikawa chungu zaidi.

"Naenda msalani," alisema.

Hakwenda msalani. Mlango wa pili kwenye ujia wa msalani ulikuwa wa jiko, na ndani yake mpishi, mama mnene mwenye kilemba kilicholowa, alikuwa akikimbia kati ya makaa na karai peke yake. Mwenzake hakuja kazini, ndivyo alivyosema, au tuseme ndivyo alivyolia.

"Dada, viazi vyako," Jikoni alisema, na mkono wake ulikuwa tayari umeshika chujio.

Aproni ilining'inia kwenye msumari. Aliivaa bila kufikiri. Aliepua viazi, akapunguza moto, akapanga sahani kwa mstari, akakata vitunguu. Ilikuwa raha tupu. Miguu ilijua pa kwenda, na yule mama hakuuliza jina. Mhudumu alichomoza kichwa, akachukua sahani akapotea. Jikoni alisahau treni, akasahau refa, akasahau kila kitu, mpaka alipoinama kusukuma sahani ya nyama na kuinua macho.

Palikuwa na kidirisha. Kila jiko la baa lina kidirisha. Na ndani ya fremu yake, katikati ya watu wote wale, uso wa mumewe ulikuwa umemwelekea.

Hakuwa amemwona bado. Alikuwa peke yake mezani na sahani mbili, hajagusa hata moja. Kiti cha mkewe alikuwa amekiinamisha mezani kisichukuliwe. Mtu alikuja kukiomba, Kaunta akatikisa kichwa. Akaja mwingine, Kaunta akaweka mkono juu ya kiti kabisa. Kila baada ya muda alitazama kule kwenye ujia wa msalani, na kila aliyetoka asiye yeye alimfanya ashushe macho. Hakufumba jicho lolote. Alikuwa mtu anayemngoja mtu.

Jikoni alisimama na kisu mkononi. Siku zote alidhani mume akiachana na kaunta atakuwa anamkimbia yeye. Sasa alielewa, na machozi yalimjaa si kwa sababu ya vitunguu: huyu mtu alitaka kugeuka tu. Miaka yote hiyo alitaka kugeuka, na wateja hawakumpa nafasi.

Kaunta akamwona. Kwanza hakuamini macho yake. Aliiona aproni, akaona kisu, akaona jasho kwenye paji la uso, na mdomo ukafunguka. Jikoni alingoja hasira. Badala yake mumewe alivuta pumzi, akatanua kifua, na sauti ile ya miaka yote, sauti ya Ijumaa baa ikiwa imejaa, ikapita juu ya vichwa vya watu:

"Jikoni! Mke mmoja, bila aproni!"

Baa nzima ikalipuka kwa vicheko na makofi. Na Jikoni, kabla hajajua anafanya nini, alijibu kama alivyojibu siku zote.

"Inakuja!"

Alimrudishia yule mama aproni yake, akanawa mikono, akatoka. Katikati ya ujia ndipo ilipomjia. Mumewe ameita jikoni. Kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi wote hawa, ameita jikoni. Baa haiuzwi. Yeye ameshinda!

Alipofika mezani aliona kwamba Kaunta naye amekumbuka. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na macho yamemtoka.

"Nimeita, eh?" alisema kwa sauti ndogo.

"Umeita nini?"

"Jikoni. Nimeita jikoni, Jikoni. Basi. Makubaliano ni makubaliano." Akajaribu kucheka, jicho likakataa kufumba. "Haiuzwi."

Jikoni alikiinua kiti chake, akakifuta vumbi kwa mkono, akakaa. Hakukaa kando, alikaa mbele yake, magoti yakigusana kama kule kwenye treni. Alimtazama usoni bila haraka, kama mtu anayetazama nyumba anayotaka kuhamia.

"Sikusikia kitu," alisema. "Mle ndani mafuta yanapiga kelele sana."

"Lakini ulijibu. Umesema 'inakuja'."

"Nilikuwa namjibu mpishi."

Ule mkono wa Kaunta uliozoea kurudi nyuma na kupokea sahani bila kutazama ulitambaa juu ya meza, safari hii kwa mbele, ukaushika wa mkewe wenye harufu ya kitunguu.

"Kesho mwite jirani," Jikoni alisema. "Mwambie sufuria kubwa haimo kwenye mauzo. Na akishaondoka ukae pale pale mezani, nakukaangia samaki."